Malengelenge ya Upande Mmoja

Wewe unayenisikiliza, weka kiganja chako kifuani, chini kidogo ya titi la kushoto. Sasa kipeleke polepole ubavuni, kizunguke mpaka kiguse uti wa mgongo. Simama hapo, usivuke. Njia hiyo uliyoichora kwa mkono ndiyo uliyoipita ugonjwa wangu mwaka ule wa Korona. Na kwa sababu ya malengelenge yaliyokaa kwenye njia hiyo, mwanamke aliyenipikia nikiwa kitandani aliitwa mulozi, yaani mtu anayewawekea wenzake sumu, akaambiwa ahame chumba chake. Nitakueleza taratibu. Ugonjwa wenyewe ni rahisi kuuelewa, usiogope. Kilichonishinda mimi ni watu.

Mamamkwe wangu ana ua wake hapa Gisenyi, Rwanda, mji unaopakana na Goma ya Kongo: nyumba kubwa mbele, vyumba vya kupangisha nyuma. Familia yake ilirudi kutoka Masisi, ndani ya Kongo. Mimi nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili changu kimekuwa mchezo wao tangu nilipoolewa. Nikisema "tafadhali", wifi yangu hupiga saluti. Mume wangu ni fundi wa magari. Mpaka ulipofungwa alikuwa amelala Goma kumalizia injini ya mtu, akabaki huko huko. Nikienda ufukweni niliona mabati ya mtaa aliokuwa amekwama, karibu kabisa, na nisingeweza kumpelekea hata shati. Ofisi niliyofanyia kazi, ya kutoa mizigo forodhani karibu na Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpakani, ilitupunguza. Ndani ya ua watu wazima tulikuwa tunatazamana siku nzima kama abiria wa gari lililoharibika njiani.

Halafu nikaugua. Homa, kikohozi, pua isiyonusa hata kitunguu. Walionipima wakaniambia nijifungie, na kwa kuwa chumba changu kina mlango wake wa uani, hapo hapo nikafungiwa. Mamamkwe alipiga kelele kutoka barazani kwamba ataniombea. Wifi alimzuia binti yake mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, asisogee hata kwenye kamba yangu ya nguo. Sikuwalaumu, kila mtu aliogopa.

Aliyenipikia alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, mwanamke wa ziwani, mjane, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Asubuhi aliweka uji wa mtama kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wangu. Mchana sambaza kwa nyanya na ugali wa muhogo. Aliweka, akagonga, akarudi nyuma mpaka kwenye bomba, barakoa usoni, akasubiri nifungue.

"Kula yote, mwanamuke wa Tanzania! Mi sitaki kuona mufupa!"

"Sambaza hawana mifupa ya kubakiza, jirani."

"Njo maana nataka sahani nyeupe!"

Nilipona. Nilitoka nje nimekonda, nguo zinaning'inia, lakini nimepona. Mpaka ulikuwa bado umefungwa. Usiku nilikuwa silali, mchana nilikuwa naongea na mume wangu kwenye simu na tunagombana kwa mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyasababisha. Ndipo maumivu yakaanza. Mwanzoni nilidhani nimelala vibaya. Kisha ngozi ya ubavuni ikawa inaungua bila alama yoyote, hata kitambaa cha blauzi kikipita juu yake nilitaka kulia. Siku chache baadaye nikahisi vipele. Nikamwita wifi aniangalie mgongoni, maana mimi nilikuwa siwezi kujiona.

Aliinua blauzi, akaiachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Yebaba we! Mama, kuya uone! Wamemumaliza!"

Mamamkwe alikuja na miwani yake. Aliangalia muda mrefu. Malengelenge yalikuwa yamejipanga kwa mafungu, yamejaa maji, kuanzia uti wa mgongo hadi chini ya titi.

"Ulikula kwa nani?" akauliza.

Sasa, kama hukukulia huku, swali hilo litakupita. Hapa kwetu mtu akikuletea kinywaji, anaonja kwanza mbele yako. Ananywa funda moja, anakupa. Hata mama mzazi hufanya hivyo kwa mwanawe, na hakuna anayeona ajabu. Ni adabu, na chini ya adabu hiyo kuna hofu ya zamani: sumu hupitia mikononi mwa watu unaowajua. Mwaka wa Korona adabu hiyo ilivunjika bila mtu kuivunja. Ungeonjaje na barakoa? Ungeonjaje cha mgonjwa halafu umpe kikombe hicho hicho? Watu waliacha chakula mlangoni wakarudi nyuma, kama walivyoambiwa na redio.

"Ule mwanamuke wa samaki," wifi akasema. "Nani alimuona akionja? Hata siku moja? Anaweka chakula, anakimbia."

"Hakukimbia," nikasema. "Alikaa mbali kwa sababu ya Korona."

"Aliangalia mpaka umeze. Mi nilimuona na macho yangu. Mutu anasimama kwa bomba anaangalia mutu akikula, juu ya nini?"

Nilikuwa na maumivu ya kunifanya nishike ukuta, na bado nikajikuta nacheka. Kicheko hicho hawakunisamehe.

Mamamkwe akatuma mtu Cyanzarwe, kwa mama mmoja anayetapisha watu sumu. Dawa ikaja kwenye chupa ya maji, ya rangi ya matope ya kijani. Mchana wakanikalisha barazani, beseni mbele yangu, wao wawili kwenye viti. Utaratibu ni huu: unakunywa, unatapika mpaka tumbo linakauka, kisha wazee wanachungulia kwenye beseni wakitafuta unywele, kipande cha nyama, chochote. Wakikiona, au wakidhani wamekiona, unaulizwa jina.

"Kunywa," mamamkwe akasema.

"Mama, nitakwenda kituo cha afya."

"Kwa muganga wa sindano? Ukichomwa sindano na sumu iko ndani, unakufa. Kila mutu anajua."

"Basi ngoja nione kama nitakufa."

"Unamulinda," wifi akasema. "Mama, si unaona anamulinda? Pengine wanajua kitu ile sisi hatujue."

Nilisukuma beseni kwa mguu. Siku hizo mbili tatu za kuvutana nilikuwa nimelala tu, na wifi, ambaye sasa hakuniogopa kwa Korona wala kwa kitu kingine, alikuwa ananiachia binti yake akienda kuchota maji. Dawa hutolewa kwa aliyelogwa, sumu haiambukizi, ndivyo walivyoamini. Mtoto alilala kifuani kwangu upande ule ule, akichezea kitambaa nilichojifunga juu ya malengelenge. Kumbuka kwamba hapo hakuna aliyekuwa ametuambia lolote.

Nilipofika kituo cha afya, muuguzi aliniambia nigeuke, akaangalia mara moja tu.

"Zona," akasema. "Kwa Kiswahili chenu, mkanda wa jeshi. Umechelewa. Umekuja unatembea?"

"Wananiambia nimelishwa sumu."

"Sumu inayojua kusimama kwenye uti wa mgongo? Kaa chini."

Hakuwa na upole, lakini alinifundisha, na mimi napenda kufundishwa. Aliniuliza kama nilipata tetekuwanga utotoni. Nilipata. Kule Karagwe tulipata wote darasani, mama yangu akanipaka majivu ya mgomba. Basi, akasema, kirusi kile hakikuondoka. Vipele vilikauka, chenyewe kikaenda kujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, kikalala humo miaka yote nikisoma, nikiolewa, nikifanya kazi. Kila neva ina kipande chake cha ngozi, upande wake. Kikiamka, kinashuka kwenye neva ile moja. Ndiyo maana hakivuki mgongo. Ndiyo maana kinafanana na mkanda.

"Na kwa nini kiamke sasa?"

Alisema hawezi kuapa. Uzee huamsha. Maradhi yanayochosha kinga ya mwili huamsha, na kwa sababu hiyo angenipima pia virusi vya ukimwi, kama anavyompima kila mwenye mkanda, bila kumdhania vibaya. Alipima, sikuwa navyo. Lakini mwili uliotoka kupigana na Korona, akasema, na mtu asiyelala kwa mawazo, huweza kuamsha kilicholala. Alikuwa ameona kadhaa tangu ugonjwa ule uingie. Si wote waliougua Korona, wala hata nusu yao. Baadhi tu.

Mimi nilielewa kwa njia ya ziwa letu. Kila mtoto wa Gisenyi anajua kuna gesi chini kabisa ya Kivu. Haijaondoka na haitusumbui, kwa sababu maji yote yaliyo juu yake yanaikandamiza kwa uzito wake. Kinga ya mwili ni uzito ule wa maji. Ukipungua, cha chini kinapanda. Hakuna aliyekitia pale jana.

Muuguzi alinipa vidonge vya kukizuia kirusi, akanionya kwamba vinafanya kazi vizuri zaidi vikianza mapema, ndani ya siku tatu za kwanza za vipele, nami nilikuwa nimezipoteza siku hizo nikitazama beseni. Akanifunga kitambaa safi. "Maji ya malengelenge haya," akasema, "yakimgusa asiyewahi kupata tetekuwanga, atapata tetekuwanga. Mkanda hataupata. Kaa mbali na watoto wadogo na wenye mimba mpaka yakauke."

Nikamfikiria mtoto wa wifi, na kile kitambaa alichokuwa akikichezea.

Nilirudi nikawaeleza. Nilieleza barazani, nikichora kwa kidole kwenye vumbi uti wa mgongo na matawi ya neva. Nilieleza gesi na maji. Nilimwambia wifi asimlete mtoto kwangu tena na amwangalie. Nadhani nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza chochote.

"Bon," wifi akasema. "Donc, basi, kitu imelala ndani yako tangu Tanzania, haina njaa, haina kiu. Inangoja ule mwanamuke akupikie njo iamuke."

"Haikumngoja yeye. Ilingoja nichoke."

"Sisi wote tumechoka. Mbona sisi hatuna mukanda?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na nikamwambia ni zuri, na jibu ni kwamba hatujui kwa nini huyu na si yule. Akaruka juu ya neno "hatujui" kama kuku aliyeona mchwa.

Mamamkwe hakubishana. Alivuka ua akasimama mbele ya chumba cha mwisho, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba mwezi ukiisha chumba anakitaka. Hakusema kwa nini. Hakuhitaji. Kesho yake beseni la sambaza lilirudi kutoka barabarani likiwa limejaa vile lilivyoondoka. Wanawake waliokuwa wakinunua kwake kila siku walivuka upande wa pili. Mtu mmoja alimrushia maneno kwamba awape kwanza paka. Jirani alikaa kizingitini, samaki wananuka polepole mbele yake.

Nilikwenda kukaa naye, nikaanza kumweleza na yeye.

"Niache," akasema. "Unanieleza mi juu ya nini? Mi najua sikukuroga. Enda uwaeleze wao."

"Nimewaeleza."

"Basi eleza tena."

Kwa hiyo nilieleza tena. Kwenye bomba, kwa wanawake wenye madumu. Kwa katekista aliyekuja kutuombea kutoka getini. Wengine walisikiliza kwa adabu, wakauliza kama bado nakula kwake. Nilisema ndiyo. Wakaniitikia kwa huruma, kama unavyomwitikia mlevi.

Mambo yaligeuka wiki mbili na kitu baada ya mimi kwenda kituoni, na yaligeuzwa na mtoto. Asubuhi wifi alitoka naye mbio, mtoto analia, ana vipele tumboni, kichwani ndani ya nywele, mgongoni pande zote mbili. Vingine vyekundu, vingine vina maji, vingine vinaanza kukauka. Wifi alikuwa tayari ameanza kupaza sauti kuelekea chumba cha mwisho.

"Nyamaza," mamamkwe akasema. Alimvua mtoto nguo juani, akamgeuza. Amelea watoto wanane. "Reka kelele. Ni ibihara tu. Tetekuwanga. Watoto wangu wote walipata hii. Mumukate kucha, mumuogeshe na maji ya vuguvugu."

Nilisogea, lakini si sana.

"Mama, ibihara ametoa wapi?"

"Watoto wanapata."

"Wanapata kwa watoto wenzao. Shule imefungwa. Kanisa limefungwa. Huyu hajatoka getini miezi kadhaa. Katika ua huu ni nani mwenye vipele?"

Wifi alisema ni hewa. Mamamkwe alikuwa ananiangalia mimi, usoni kwanza, kisha blauzi.

"Alilala kifuani kwangu," nikasema. "Siku za chupa ile ya dawa. Nilipata tetekuwanga Karagwe nikiwa mdogo, na ndiyo niliyompa. Sikuwa na nyingine ya kumpa. Ingekuwa sumu, ingemrukiaje? Wakati napikiwa, wifi alikuwa hamruhusu hata kukaribia mlango wangu. Hakula hata punje."

Mamamkwe si mjinga; kama angekuwa mjinga ningemsamehe mapema. Alimvisha mtoto nguo zake taratibu, kifungo kwa kifungo. Nikaona ameelewa. Nikaona pia kwamba kuelewa kumemkasirisha.

"Enda umuambie akae," akasema.

Nilivuka ua karibu nikikimbia. Jirani alikuwa anakunja godoro, kamba mdomoni. Nikamwambia yote, ya mtoto, ya vipele, na kwamba anaweza kubaki.

Alitoa kamba mdomoni. "Amekutuma we. Yeye miguu yake iko na nini?"

Nilirudi, nikamwambia mamamkwe kwamba ni lazima aende mwenyewe. Alikataa. Nikakaa karibu naye nikamwambia tena, na tena, mpaka akainuka ili tu ninyamaze. Watu wa vyumba vingine walitoka wakasimama milangoni. Wifi alibaki barazani na mtoto, amegeuza uso.

"Chumba ni yako," mamamkwe akasema akiwa bado hajafika. "Ukae."

"Asante, mama," jirani akasema. "Sasa sema mbele ya hawa. Nilimuroga ao sikumuroga?"

"Nimesema ukae."

"Nimesikia. Nilimuroga ao sikumuroga?"

"Ni ibihara. Kila mutu amesikia ni ibihara."

"Sikuuliza ibihara. Nilikuuliza juu yangu mi."

Nilimwangalia mamamkwe nikimwombea kimya, kama mtu anavyomwombea mtoto aliyesimama mbele ya darasa. Neno lilikuwa fupi. Alifungua mdomo, akasema, "Watu wanaongea sana hapa," akarudi kwake.

Jirani alimaliza kufunga godoro. Nilimshika mkono, nikamwomba asubiri, nikamwahidi nitaongea na mamamkwe jioni, nitaongea na mume wangu kwenye simu, nitaongea na kila mtu.

"We ongea," akasema. "Unajua kuongea. Lakini mi nitalala wapi leo, kwa mutu anashindwa kusema neno moja?" Pikipiki ya mizigo ilimpeleka upande wa Rubavu, kwa dada yake. Mabeseni yalifungwa juu ya godoro.

Mpaka ulifunguliwa baadaye, mume wangu akarudi, kovu langu likabaki rangi ya udongo mkavu. Mvua ikikaribia bado linachoma. Jirani anauza sambaza soko jingine sasa, na wanunuzi wa kule hawajui habari zake, ndivyo anavyopenda. Nikienda kununua ananipa kipimo cha kawaida, hanizidishii. Tunaongea habari za bei. Mamamkwe akiulizwa husema yule mwanamke aliondoka mwenyewe, na ni kweli, hilo ndilo baya lake. Mtoto amekua, hana hata alama.

Hivi karibuni mfanyakazi wa boti tunayesali naye alitoka malengelenge begani, upande wa kulia tu, wiki chache baada ya kumzika mkewe. Nilipofika kumwona nilikuta watu wameketi kumzunguka, wakimuuliza msibani alikunywa kwa nani. Walikuwa tayari na majina mawili. Nikamwomba avae shati lake tuondoke.

Na wewe fanya hivyo hivyo. Ukimwona mtu ana malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mwili, usimuulize amekula wapi. Yafunike kwa kitambaa safi, watoto wadogo na wenye mimba wakae kando, umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.